Stenlesi, nikeli, nikeli-chuma au Raney: kichocheo gani kwa mtambo wa hidrojeni wa sola Lamu na Malindi?

Anayetaka kutoa hidrojeni kwenye maji kwa umeme wa sola, awe Shela, Mokowe, Ngomeni au Malindi mjini, haendi mbali kabla ya kukwama kwenye swali la kichocheo, yaani ile metali ya juu ya elektrodi inayorahisisha kupasua maji. Kila andiko la utafiti lina kichocheo chake kilichowashinda wenzake, na ushindi wenyewe mara nyingi umepimwa kwenye kipande kidogo kama ukucha, kwa umeme usiokatika, kwa saa chache tu. Mtambo wa sola hauishi hivyo. Unawaka asubuhi, unayumba kila wingu likipita, magharibi unazimika na kulala saa kumi na tatu. Kichocheo kinachokula volti kidogo kuliko vyote mchana kinaweza kuwa ndicho kinachokufa mapema kwa sababu ya usiku. Kwa hiyo hapa kila kichocheo kitaulizwa mchana kinafanyaje, kisha kitaulizwa usiku kinafanyaje, na jibu la pili limepewa uzito zaidi.

Vinavyolinganishwa ni vichocheo vya mitambo midogo ya alkali, kuanzia wati mia kadhaa hadi kilowati chache: chuo cha ufundi, maabara ya shule, mradi wa utafiti, hoteli inayojaribu kuhifadhi jua la mchana. Vichocheo vya iridi na platini vimewekwa kando, ila vitatajwa mahali pamoja mwishoni. Iridi inayopatikana duniani kwa mwaka mzima ni tani 7 au 8 tu, sehemu kubwa ikitoka Afrika Kusini, na gramu moja imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 100. Kilo nzima ya nikeli miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kwenye dola 15 hadi 20.

Vigezo

Cha kwanza ni volti. Kupasua maji kunadai angalau volti 1.23 kwa seli (jozi moja ya elektrodi), au 1.48 ikiwa na joto lake lote linatoka kwenye umeme huohuo. Seli halisi hula 1.7 hadi 2.3, na kuipunguza tofauti hiyo ndiyo kazi ya kichocheo. Kuna hesabu moja inayofaa kukaa kichwani: kilo ya hidrojeni inahitaji takriban ampia-saa 26,600 katika seli moja, hata kichocheo kiwe gani. Kwa hiyo kila volti 0.1 inayoongezeka ni kilowati-saa 2.7 zaidi kwa kilo. Seli ya volti 1.8 hula kilowati-saa 48 kwa kilo, ya 2.0 hula 53, ya 2.2 hula 58 na nusu.

Ili hesabu ziwe na mahali pa kushika, chukua mtambo wa mfano: seli 24 mfululizo, kila elektrodi sentimita 10 kwa 10, mkondo ampia 20 (yaani ampia 0.2 kwa sentimita ya mraba), volti 48 kwa jumla. Hiyo ni karibu kilowati moja. Utatoa gramu 18 za hidrojeni kwa saa na kunywa mililita 162 za maji. Kwa saa tano za jua kali ni gramu 90 na lita 0.8 za maji. Elektroliti, yaani kioevu kinachopitisha umeme, ni potasi kostiki (haidroksaidi ya potasiamu, hapa chini potasi tu) asilimia 30 kwa uzito, joto nyuzi 60 hadi 70, na kati ya elektrodi kuna kiwambo chembamba kinachopitisha ayoni na kuzuia gesi zisichanganyike.

Kigezo cha pili ni usiku, nacho kinahitaji maelezo zaidi. Umeme ukikatika, kathodi (elektrodi zinazotoa hidrojeni) bado zimejaa hidrojeni na anodi (zinazotoa oksijeni) bado zimefunikwa na nikeli iliyooksidika. Mtambo unageuka betri dhaifu. Seli zote zinanywa elektroliti moja kupitia mifereji ya pamoja, kwa hiyo mkondo unapata njia ya kurudi kinyume. Kathodi iliyoshinda ikipokea elektroni sasa inazitoa, inaoksidika, na asubuhi inarudishwa tena kwa nguvu. Seli za katikati ya safu ndizo zinazoumia zaidi. Mara moja si kitu. Lakini mwaka una usiku 365, na Malindi mwezi wa Mei, mvua za masika zinapokuwa kwenye kilele chake, mawingu yanaweza kuuzima na kuuwasha mtambo mara nyingi kwa siku moja.

Cha tatu ni kama kichocheo kinatengenezeka au kupatikana bila kuagiza kila kitu ng'ambo. Cha nne ni kinachoharibu kichocheo, na kama uharibifu huo unaacha sumu. Maji yamepewa sehemu yake mbele, kwa kuwa pwani yanaweza kuua kichocheo chochote kati ya hivi.

Stenlesi 316L

*Volti.* Kwa mtambo wa mfano tarajia volti 2.0 hadi 2.3 kwa seli. Si mbaya kama wengi wanavyodhani. Stenlesi hii ina nikeli asilimia 10 hadi 14, kromi 16 hadi 18, molibdeni 2 hadi 3, na iliyobaki karibu yote ni chuma. Ikifanya kazi kama anodi kwenye potasi, ngozi yake ya juu hupoteza kromi na kubaki na tabaka la nikeli na chuma, mchanganyiko uleule ambao watu wanautengeneza kwa makusudi.

*Usiku.* Inastahimili vizuri. Haina tabaka laini la kubanduka wala vinyweleo vya kuziba, na mkondo wa kurudi haupati cha kuharibu haraka.

*Kupatikana.* Hapa ndipo inapowashinda wote. Ni chuma cha vyombo vya baharini. Wauzaji wa vifaa vya boti na wachomeleaji wanaijua. Tatizo ni kuuziwa 304 kwa jina la 316. Sumaku haitakusaidia, kwa sababu zote mbili hazishiki au hushika kidogo tu. Tumia dawa ya matone ya kupimia molibdeni: safisha sehemu kwa msasa, dondosha tone, na rangi ndiyo itakayosema. Baada ya kukata, piga msasa namba 120 msalaba kwa msalaba ili mapovu yapate mahali pa kuanzia na kuachia, kisha ondoa mafuta kwa asetoni na usiguse tena kwa mkono mtupu.

*Kinachoharibu.* Kromi inayotoka haipotei. Inaingia kwenye elektroliti kama kromati na kuipa rangi ya manjano. Hiyo ni kromi ya hali ya sita, inayosababisha saratani. Elektroliti ikigeuka manjano usiimwage mtaroni, wala pwani, wala shimoni nyuma ya karakana. Ihifadhi kwenye dumu la plastiki lenye maandishi na uikabidhi kwa mwenye leseni ya taka za sumu. Punguza kromati kwa kutovuka nyuzi 50 na kwa kutumia stenlesi upande wa kathodi pekee, ambako haitoi kromi kwa kiwango hicho.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza kujenga seli, kupima kuvuja, kupanga mifereji. Inamfaa pia mwenye sola ya ziada asiyehesabu kila kilowati-saa. Haifai darasa la watoto ikiwa anodi.

Neno moja kuhusu masanduku ya sahani za stenlesi yanayouzwa mitandaoni kwa ajili ya magari: hayana kiwambo. Hidrojeni na oksijeni hutoka kwa pamoja zikiwa tayari kulipuka. Gesi hiyo haihifadhiwi kwenye chombo chochote, hata mtungi uwe imara kiasi gani.

Nikeli tupu

*Volti.* Wavu wa nikeli pande zote mbili, ukigusana na kiwambo bila nafasi, hutoa volti 2.0 hadi 2.2. Ukiacha nafasi ya milimita tatu au nne, mapovu na ukinzani wa elektroliti vitakula faida yote, na utalaumu kichocheo bure. Kuna jambo linalowashangaza wengi: volti ya kathodi ya nikeli hupanda polepole siku zinavyokwenda, kwa sababu hidrojeni inapenya ndani ya metali na kuunda haidridi. Anodi nayo mara nyingi huboreka yenyewe siku za mwanzo, kwa kuwa potasi ya kawaida ina chembe za chuma, na nikeli inazinyakua.

*Usiku.* Hii ndiyo nguvu yake. Nikeli tupu ikioksidika usiku hupata tabaka jembamba la haidroksaidi ambalo asubuhi halileti msiba. Kwa mtambo usio na betri ya kulinda kathodi usiku (inaelezwa mbele), usio na mtu wa kuuangalia, hakuna kilicho salama zaidi katika orodha hii.

*Kupatikana.* Huagizwa, lakini ni bidhaa ya kawaida: wavu uliofumwa au uliotanuliwa, usafi asilimia 99 au zaidi. Sponji ya nikeli ina eneo kubwa zaidi, lakini hubonyea ikikazwa na kushika mapovu ndani. Kwa mikono inayojifunza, wavu ni bora. Usafishaji: asetoni, kisha dakika 10 kwenye asidi ya hidrokloriki ya molari 3, kisha maji safi mara tatu. Asidi ikibaki kwenye matundu ya wavu, kloridi yake inaingia moja kwa moja kwenye elektroliti.

*Kinachoharibu.* Kloridi, inayotoboa vishimo kwenye anodi. Na mafuta ya mikono, yanayofanya sehemu nyingine zisifanye kazi kabisa.

*Inamfaa nani.* Mahali pa mbali ambapo fundi anafika kwa mashua, mathalani kisiwani Pate au Kiwayu, na ambapo mtambo unaofanya kazi miaka bila kuguswa una thamani kuliko kuokoa kilowati-saa tano kwa kilo.

Nikeli-chuma (kwa anodi)

*Volti.* Upande wa oksijeni ndio mzito, na hapa ndipo kichocheo hiki kinapong'aa. Tabaka la haidroksaidi ya nikeli na chuma juu ya wavu wa nikeli hupunguza volti 0.1 hadi 0.2 kulinganisha na nikeli tupu. Kwa mtambo wa mfano hiyo ni kilowati-saa 2.7 hadi 5.3 kwa kila kilo. Chuma ndicho kinachofanya kazi hiyo. Mwaka 1987 mtafiti Corrigan alionyesha kuwa hata uchafu mdogo wa chuma kwenye elektroliti unabadilisha tabia ya anodi ya nikeli, na kufikia 2014 kundi la mtafiti Boettcher kule Oregon, Marekani, lilionyesha kuwa nikeli iliyosafishwa chuma chote ni kichocheo dhaifu cha oksijeni.

*Usiku.* Nzuri, kwa sababu ni anodi. Mkondo wa kurudi unaipunguza oksidi yake, lakini hauiyeyushi kwa kasi. Shida yake kubwa hutokea mchana.

*Utengenezaji.* Katika maabara yoyote yenye mizani nzuri na kifaa cha kushikilia volti, inawezekana. Kwa lita moja ya maji safi weka gramu 0.87 za nitrati ya nikeli (yenye molekuli sita za maji) na gramu 1.21 za nitrati ya chuma (yenye tisa). Ni milimola 3 za kila moja. Tumbukiza wavu uliosafishwa kama kathodi, shikilia volti hasi 1.0 dhidi ya elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha kwa sekunde 300. Nitrati inapopunguzwa karibu na metali, alkali inazalishwa hapohapo, na haidroksaidi za nikeli na chuma zinanasa juu ya wavu. Ukiona tabaka jembamba la rangi ya hudhurungi ya manjano, sawasawa kote, umefaulu. Likiwa nene na kama matope, litabanduka, punguza muda. Suluhisho lifanywe siku ileile, kwa maana likikaa, chuma huanza kujitenga chenyewe na kutua chini.

*Kinachoharibu.* Mambo mawili. La kwanza ni kubanduka: mapovu yanaponyanyuka kwa wingi yanang'oa tabaka. Unga uliopakwa kwa gundi hubanduka haraka. Tabaka lililooteshwa juu ya wavu hushika. La pili ni chuma kuyeyuka polepole. Ikibaki chembe ndogo ya chuma kwenye elektroliti, kinachoyeyuka na kinachorudi vinakaribia kulingana, na kichocheo kinadumu. Elektroliti ikiwa safi mno, chuma kinatoka bila kurudi. Hivyo potasi ya daraja la viwandani, yenye chembe za chuma, mara nyingine inalinda anodi hii kuliko ile ya bei ghali ya maabara. Lakini chuma hichohicho hunasa kwenye kathodi yenye vinyweleo, na hapo kinaziba.

*Inamfaa nani.* Vyuo na maabara zenye kemia ya msingi, na yeyote anayetaka kuboresha mtambo wa nikeli tupu hatua kwa hatua. Kama ni kuongeza kitu kimoja tu kwenye nikeli tupu, hiki ndicho cha kuanza nacho, kwa kuwa hakidai ulinzi wa usiku.

Nikeli ya Raney (kwa kathodi)

*Volti.* Murray Raney, mhandisi wa Marekani, aliivumbua katika miaka ya 1920 kwa kazi ya kugandisha mafuta ya kula. Nikeli huyeyushwa pamoja na alumini, kisha alumini inaondolewa kwa alkali, na inabaki nikeli yenye vinyweleo visivyohesabika. Kama kathodi, inaokoa karibu volti 0.2 dhidi ya nikeli laini. Ukiiunganisha na anodi ya nikeli-chuma, seli inaweza kushuka hadi volti 1.7 au 1.8 kwenye nyuzi 70.

*Usiku.* Hapa inaanza kudai. Eneo lake kubwa linabeba hidrojeni nyingi, kwa hiyo inavumilia mkondo wa kurudi kwa muda. Hidrojeni hiyo ikiisha, nikeli inaoksidika ndani ya vinyweleo, na sehemu ya eneo hairudi tena. Bila ulinzi, faida ya volti 0.2 inapungua mzunguko baada ya mzunguko.

*Utengenezaji.* Tabaka la nikeli na alumini hunyunyizwa kwa moto mkali wa plazma, kazi isiyo ya karakana ya kawaida. Njia nyepesi ni kupaka nikeli na zinki kwa umeme, kisha kuondoa zinki kwenye potasi ya moto. Kwa kununua, agiza wavu uliokwisha kupakwa, kisha fanya uondoaji wa alumini mwenyewe: potasi asilimia 20 hadi 30, nyuzi 60 hadi 80, kwa saa kadhaa mpaka mapovu yaishe. Mapovu hayo ni hidrojeni. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara.

*Kinachoharibu.* Ikikauka hewani inawaka. Isemwe tena kwa anayefungua mtambo kwa ukaguzi: elektrodi ya Raney haitolewi majini kuwekwa mezani. Inahamishwa ikiwa inadondosha maji, inaingia kwenye ndoo ya maji safi hapohapo. Zaidi ya hilo, uchafu wa chuma unaziba vinyweleo, na kadhalika zinki kutoka kwa bomba la mabati. Mabati na alumini havitakiwi kugusana na potasi mahali popote kwenye mtambo.

*Inamfaa nani.* Mradi wenye fundi wa kudumu, wenye betri ya kulinda usiku, na unaolipa umeme kwa uchungu.

Nikeli-molibdeni na kobalti-fosfeti, kwa ufupi

Nikeli-molibdeni ndiyo kathodi inayovutia zaidi kwenye karatasi. Hupakwa kwa umeme kutoka kwenye salfeti ya nikeli, molibdati ya sodiamu na sitrati, na volti yake ya ziada (inayozidi ile ya lazima) ni ndogo sana. Lakini umeme ukikatika na oksijeni ikapenya, molibdeni inayeyuka na kwenda zake kama molibdati. Kwa mtambo unaowaka mfululizo miezi, ni kichocheo kizuri. Kwa sola isiyo na betri ni hasara. Kama unaichagua, ulinzi wa usiku si hiari.

Kobalti-fosfeti ni ya njia nyingine kabisa. Watafiti Kanan na Nocera waliitangaza mwaka 2008: kobalti kidogo, milimola 0.5, kwenye fosfeti ya potasiamu ya molari 0.1, pH 7. Tabaka jeusi linajijenga lenyewe kwenye anodi, na likipata jeraha linajirekebisha mradi umeme upo na kobalti imo majini. Hakuna potasi ya kuunguza macho. Mkondo wake ndio unaorudisha nyuma: karibu miliampia 1 kwa sentimita ya mraba kwa volti ya ziada 0.41. Mtambo wetu wa mfano ungehitaji eneo mara 200. Inafaa darasa la sekondari: wanafunzi wanaona tabaka likiota, likikwanguliwa na kurudi, na mwalimu halali na hofu. Chumvi za kobalti zina sumu, kwa hiyo glavu bado zinavaliwa.

Kulinda kathodi usiku

Njia nafuu ni mkondo mdogo kutoka kwa betri. Kwa mtambo wa mfano, miliampia 3 kwa sentimita ya mraba ni ampia 0.3. Kwa volti 1.6 kwa seli, jumla ni volti 38, takriban wati 12. Usiku wa saa 13 unakula wati-saa 150, chini ya ampia-saa 4. Betri ya volti 48 ya ampia-saa 10 inatosha na kubakiza.

Kuna hatari moja hapa ambayo lazima izingatiwe. Mkondo ukiwa mdogo, oksijeni inazalishwa kidogo sana, lakini hidrojeni inayopenya kiwambo haipungui kwa kiasi hicho. Kiwango cha hidrojeni ndani ya oksijeni kinaweza kuvuka asilimia 4, nako ndiko mwanzo wa kulipuka. Kwa hiyo usiku mabomba yote mawili yafunguliwe kwenda hewani, juu ya paa, kila moja na njia yake, na valvu za matangi zifungwe. Mchana nao, mtambo uzimwe hidrojeni ikifika asilimia 2 kwenye oksijeni. Chini ya makuti usiweke mtambo kabisa: hidrojeni inapanda na kujikusanya kileleni mwa paa.

Asiyetaka betri anaweza kumwaga elektroliti kutoka kwa seli kila magharibi ili kukata njia ya mkondo. Inafanya kazi kwa nikeli tupu na stenlesi. Kwa Raney ni hatari, kwa sababu iliyokwisha kutajwa.

Maji ya pwani

Maji ya bahari moja kwa moja, hapana. Yana gramu 35 za chumvi kwa lita, kati yake kloridi 19. Anodi itatoa klorini au hipokloriti pamoja na oksijeni, na kathodi itafunikwa na ukoko mweupe wa magnesiamu na kalsiamu. Watafiti wanaendelea na vichocheo vya maji ya bahari, na nikeli-chuma ni miongoni mwa vinavyotumainiwa, lakini hakuna sababu ya kuhangaika navyo katika mtambo mdogo. Kuondoa chumvi kwenye mita moja ya ujazo ya maji ya bahari kunakula kilowati-saa 3 au 4. Maji hayo yanatosha karibu kilo 100 za hidrojeni, ambazo zenyewe zinadai zaidi ya kilowati-saa 5,000.

Maji matamu nayo si lazima yawe salama. Hidrojeni na oksijeni zinaondoka, chumvi inabaki. Tuseme maji ya kisima yana miligramu 50 za kloridi kwa lita. Mtambo unaokunywa lita 0.8 kwa siku utakusanya gramu 14.6 kwa mwaka. Katika elektroliti ya lita 5, hiyo ni karibu gramu 3 kwa lita, na anodi ya nikeli itaanza kutobolewa. Visima vingi vya Lamu vina chumvi kuliko hivyo. Maji ya mvua kutoka kwenye jabia ni mwanzo mzuri, ila mvua ya kwanza inaosha chumvi ya upepo iliyotua juu ya paa, hivyo iachwe ipite. Karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, iachwe hata ya pili. Kisha pitisha kwenye chujio la shinikizo na katriji ya kuondoa ayoni mpaka kipimo kisome chini ya maikrosimensi 5 kwa sentimita. Mara moja kwa mwezi chukua kijiko cha elektroliti, kizimue, kitie asidi ya nitriki hadi kiwe na asidi, dondosha nitrati ya fedha. Kikiwa na weupe kama maziwa, badilisha elektroliti.

Kuhusu potasi yenyewe: kwa lita 5 za asilimia 30 unahitaji kama kilo 2.15 za vipande vya usafi wa asilimia 90 na lita 4.3 za maji. Vipande vinaingia kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe si maji kwenye vipande. Miwani ya kufunika, glavu ndefu. Ikiruka jichoni, maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha hospitali. Kwa Lamu, nunua vipande kwenye ndoo zilizofungwa. Kioevu kitapanda mashua Mokowe na pengine punda mjini, na kifuniko kikilegea mnyama na mchukuzi ndio wataungua. Sodiamu kostiki inaweza kuchukua nafasi yake na hupatikana kirahisi zaidi, lakini inapitisha umeme kwa karibu theluthi pungufu, hivyo volti zitapanda.

Kwa hali yako

Shule ya sekondari yenye meza moja na mwalimu mmoja: kobalti-fosfeti kwa kuonyesha kichocheo, au nikeli tupu yenye potasi asilimia 5 kwa kuonyesha gesi. Chuo cha ufundi kinachofundisha kuunda seli: kathodi ya stenlesi 316L na anodi ya wavu wa nikeli, kwa kuwa gharama ni ndogo na kromati haitoki kwenye anodi. Mtambo wa kisiwani usio na fundi karibu: nikeli tupu pande zote mbili, paneli moja au mbili zaidi kufidia volti. Mradi wa Malindi wenye maabara jirani na mtu wa kushika rejista kila siku: anza na anodi ya nikeli-chuma na kathodi ya nikeli tupu; baada ya miezi sita, volti zikiwa zimetulia na betri ya usiku ikifanya kazi, jaribu Raney kwenye seli mbili kati ya 24 na uzilinganishe na jirani zake kwa multimita.

Mwenye umeme usiokatika, wa gridi au wa betri kubwa, anaweza kwenda moja kwa moja kwenye Raney au nikeli-molibdeni. Na mwenye fedha za ufadhili, nafasi ndogo, jua linaloyumba sana na maji safi ya uhakika, asione haya kuuliza bei ya mtambo mdogo wa utando wenye iridi (unaotumia utando wa plastiki badala ya potasi): unafuata mawingu vizuri kuliko mitambo ya alkali, ila ayoni chache za chuma au kalsiamu kwenye maji zinautia sumu utando.

Hoteli au nyumba inayotaka taa za usiku tu inunue betri. Hidrojeni inaanza kuwa na maana pale gesi yenyewe inapohitajika, au umeme unapohifadhiwa kwa wiki na miezi.

Kabla ya kununua eneo lote, kata vipande viwili vya sentimita 10 za mraba, viweke kwenye potasi ileile na maji yaleyale utakayotumia, pitisha ampia 2. Washa saa moja, zima saa moja, mara 50. Andika volti ya dakika ya mwisho ya kila mzunguko, joto likiwa lilelile. Ikipanda zaidi ya volti 0.05 kati ya mzunguko wa 10 na wa 50, kichocheo hicho hakifai sola bila ulinzi. Elektroliti ikibadilika rangi, jua ni kipi kimeyeyuka kabla hujaendelea: manjano angavu ni kromati, mashapo ya kahawia ni chuma, chembe nyeusi ni tabaka linalobanduka.